Mchoraji Akiweka Brashi Chini

Ukimaliza kusoma ukurasa huu, tazama ukuta wa nyumba yako. Kuna nini hapo? Pengine kuna kalenda ya mwaka uliopita. Pengine kuna picha ya harusi ya ndugu yako. Pengine mtoto amechora gari au kuku kwa kipande cha mkaa, nawe ukamgombeza kwa kuchafua ukuta.

Mwezi huu tuzungumze juu ya ukuta huo na mkaa huo. Tuzungumze juu ya watu waliochora maisha ya kijijini mpaka wakajulikana dunia nzima. Mmoja ni wa Kilimanjaro. Wawili ni majirani zetu wa kusini. Halafu tujiulize jambo moja zito. Mchoraji akizeeka, akaweka brashi chini, kinabaki nini? Yeye mwenyewe anakula nini? Na kazi yake anamwachia nani?

KAZI ISIYO NA BARUA YA KUSTAAFU

Mwalimu wa shule ana siku ya kustaafu. Nesi wa zahanati anayo pia. Watumishi wengi wa serikali wanaweza kustaafu kwa hiari wakifika miaka 55. Wakifika miaka 60 hustaafu kwa lazima. Mtumishi hupewa barua. Wenzake humfanyia sherehe ndogo, wakala wali, wakapiga picha. Baada ya hapo anapata pensheni, yaani fedha ya uzeeni.

Wewe mkulima, je? Nani amewahi kukuletea barua ya kustaafu? Hakuna. Unalima mpaka mgongo unakataa. Siku moja unamwambia mwanao, "Mwaka huu shamba la mbali nenda wewe." Hiyo ndiyo barua yako.

Mchoraji ni kama wewe. Siku yake ya kustaafu inaamuliwa na macho yake na mikono yake. Macho yakiingia ukungu, mstari hauonekani. Mkono ukitetemeka, rangi inatoka nje ya mahali pake. Anaweka brashi chini. Hakuna sherehe wala barua.

Lakini mkulima wa Nachingwea na Ruangwa ana kinga moja. Anapanda mikorosho akiwa kijana. Baada ya miaka michache mikorosho inaanza kuzaa. Yeye akizeeka, mikorosho bado inadondosha korosho. Wajukuu wanaokota, babu anapata chumvi na sabuni.

Je, mchoraji anapanda nini? Tutazame maisha ya watu watatu tupate jibu.

SAM NTIRO, MCHORAJI WA KAZI ZA KIJIJI

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, Kilimanjaro. Alikulia kwenye migomba, kahawa, ng'ombe na mifereji ya maji. Alisoma mpaka akafika Makerere, nchini Uganda. Zamani zile Makerere ndiyo ilikuwa shule kubwa ya Afrika Mashariki yote.

Pale Makerere alikuwapo mama mmoja Mwingereza, jina lake Margaret Trowell. Yeye ndiye aliyeanzisha mafunzo ya uchoraji pale. Mama huyu hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Aliwataka wachore maisha waliyoyajua wenyewe. Ntiro aliyajua maisha ya Machame. Basi akachora Machame.

Baadaye Ntiro alikwenda Uingereza. Mwaka 1952 aliingia shule ya uchoraji iitwayo Slade, katika mji wa London. Alikaa huko mpaka mwaka 1955.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Kijana wa kijijini yuko London. Kuna baridi. Kuna magari na majumba marefu. Walimu wake ni mabingwa wa kuchora kwa namna ya Ulaya. Wengi wangeona haya kuchora migomba na wanawake wenye kuni kichwani. Wangechora majumba marefu ili wasifiwe. Ntiro hakuona haya. Aliendelea kuchora watu wa kwao, na aliwachora kwa mtindo wake mwenyewe.

Mtindo wake ulikuwa namna gani? Katika picha zake watu mara nyingi ni wadogo, na miti na vilima vimewazunguka. Maumbo ni rahisi, mtoto anaweza kuyatambua. Nyuso hazionyeshi sana huyu ni fulani na yule ni fulani. Kitu anachokuonyesha ni kazi. Watu wanavuna kahawa. Watu wanakata miti. Watu wanakwenda sokoni. Watu wanakwenda harusini. Aghalabu wako wengi, wanafanya jambo moja pamoja.

Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba kubwa la makumbusho la mji wa New York, Marekani. Jumba hilo huhifadhi kazi za wachoraji mashuhuri wa dunia. Kumbuka, mwaka 1960 nchi yetu ilikuwa bado haijapata Uhuru. Lakini mambo ya harusi ya kijiji cha Kilimanjaro yalikwisha kufika New York.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Ntiro alitumwa London kuiwakilisha nchi yetu kama balozi. Aliporudi nyumbani aliongoza mambo ya utamaduni serikalini. Alifundisha pia. Alikuwa amekwisha kufundisha Makerere. Baadaye alifundisha Dar es Salaam, katika chuo cha ualimu cha Chang'ombe na katika Chuo Kikuu. Alifariki mwaka 1993.

Tazama sasa. Mtu huyu alikuwa balozi. Alikuwa mkubwa serikalini. Vyeo hivyo vyote vilikuwa na mwisho wake. Alitoka ofisi hii, akaingia ile, na kiti akakalia mwingine. Lakini leo watu wakimtaja Sam Ntiro, wengi wanamtaja kwa picha zake. Na wanafunzi wake wengi walikwenda kuwa walimu. Walimu hao wakafundisha wengine. Hiyo ndiyo mikorosho aliyoipanda.

Pengine unauliza, "Mbona picha zake zinaonyesha kijiji kizuri tu? Njaa iko wapi? Ugomvi wa mipaka ya mashamba uko wapi?" Swali lako ni la haki. Wengine pia wameuliza hivyo. Ntiro alipenda kuonyesha watu wakisaidiana, na hakuchora kila kitu. Hakuna mchoraji awezaye kuchora kila kitu. Ndiyo sababu kijiji kikiwa na mchoraji mmoja tu, mambo mengi yatabaki bila kuchorwa. Wanatakiwa wengi.

JIRANI YETU WA TUNDURU

Hapa kwetu ukisema "tingatinga" wazee wanakumbuka mashine. Wanakumbuka matrekta makubwa yaliyong'oa miti wakati wa mpango wa karanga. Lakini Tingatinga ni jina la mtu pia.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Tunduru ni jirani zetu. Hakusoma sana. Alitoka kwao kutafuta kazi, kama vijana wengi wa kusini walivyofanya. Alifika Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Halafu akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi ndogondogo za mikono.

Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na vifaa ghali. Alitumia vipande vya mbao nyembamba za dari. Alitumia rangi za kupaka baiskeli. Alichora tembo, chui, ndege na watu. Mkewe alimsaidia kuuza picha hizo kwa wageni, huko Oyster Bay.

Watu wakapenda. Yeye akawaita vijana wa jamaa zake, akawafundisha. Walikaa naye, wakatazama mkono wake, wakajaribu. Walijifunza kama mtoto anavyojifunza kusuka mkeka kwa bibi yake.

Tingatinga hakupata nafasi ya kuzeeka. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi usiku. Walimdhania kuwa mhalifu anayetoroka. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Miaka minne, ndugu msomaji. Huo ni muda ambao mkorosho mchanga ndio kwanza unaanza kuzaa. Kama angefanya kazi peke yake na kuficha ujuzi wake, jina lake lingekufa naye. Lakini alikuwa amefundisha. Wale vijana waliendelea. Mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo waliunda chama cha ushirika. Leo watoto na wajukuu wa uchoraji ule wanaendesha maisha kwa kazi aliyoianzisha yeye. Mtindo wenyewe unaitwa Tingatinga mpaka sasa.

JIRANI YETU WA MASASI

Mtu wa tatu ni George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 katika wilaya ya Masasi. Alikuwa Mmakonde. Kwanza alikuwa mchongaji wa vinyago. Katika miaka ya 1970 alikwenda Dar es Salaam. Huko alipata kazi ya ulinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa. Nyumba ya Sanaa ilikuwa mahali ambapo mafundi walifanya kazi zao na kuziuza.

Mlinzi huyu alionyesha kazi za mikono yake. Wakubwa wa pale wakaona ni fundi, wakamwacha afanye kazi ya sanaa. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani.

Lilanga alichora mashetani. Usiogope. Mashetani yake yana masikio makubwa na matumbo makubwa, na yanachekesha. Tena yanafanya mambo yale yale tunayoyafanya sisi. Yanacheza ngoma. Yanapika. Yanakwenda shuguli. Yanagombana na kupatana. Mtu wa kusini akiziona picha hizo anacheka, kwa sababu anamwona jirani yake. Akitazama zaidi anajiona mwenyewe.

Lilanga alipatwa na ugonjwa wa kisukari. Ugonjwa huo ulimfanya akatwe miguu. Kwa mtumishi wa ofisi hiyo ingekuwa siku ya kustaafu. Lakini yeye hakuacha. Alikaa, akachora akiwa amekaa. Vijana wake walimsaidia. Yeye alitoa mistari na mawazo, wao walisaidia kupaka rangi. Alifariki mwaka 2005.

Hapa tunajifunza jambo. Mchoraji mwenye wasaidizi anaweza kupunguza kazi kidogo kidogo. Mchoraji asiye na wasaidizi huanguka mara moja, kama nguzo iliyoliwa na mchwa.

NA SISI WA NACHINGWEA NA RUANGWA?

Mtu asikwambie kwamba watu wa kusini hawakujua kuchora mpaka walipofundishwa. Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani, Karl Weule, alifika Lindi, akasafiri mpaka Masasi na Newala. Aliwapa watu karatasi na kalamu ya risasi, akawaomba wachore. Wengi wao hawakuwahi kushika kalamu. Lakini walichora watu na wanyama. Michoro hiyo ilikwenda Ulaya, ikatiwa kitabuni. Wajukuu wa waliochora hawakubaki nayo.

Sasa tujiulize juu ya mambo yetu makubwa. Mpango wa karanga ulianza nchini mwaka 1947. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Msitu ukang'olewa. Reli ikajengwa kutoka pwani mpaka hapa. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa, kwa sababu fedha nyingi zilipotea na karanga zilikuwa chache. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Leo mtoto wa Nachingwea akiambiwa kwamba treni ilipiga honi hapa, anadhani ni hadithi ya sungura.

Baadaye wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walikuwa na kambi yao hapa Nachingwea. Vijana walifanya mazoezi hapa, wakaenda vitani. Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975. Mama zetu waliwaona vijana wale barabarani. Walisikia nyimbo zao.

Ruangwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea. Mwaka 1995 ikawa wilaya yake yenyewe. Wazee wanakumbuka safari za kwenda Nachingwea kwa miguu kufuata barua au kesi.

Je, katika kijiji chako iko picha moja ya mambo hayo, iliyochorwa na mtu wa kijiji? Picha ya treni? Picha ya vijana wa FRELIMO? Picha ya mama anayetwanga, ya watu wanaopiga ufuta, ya foleni ya magunia kwenye ghala la korosho?

Kama haipo, yuko mzee anayekumbuka. Na mzee huyo macho yake yanapungua kila mwaka. Nyumba yenye kumbukumbu hiyo inavuja, na masika hayangoji.

MAMBO YA KUFANYA

Ndugu msomaji, usiseme "Mimi si mchoraji." Uliposhika kalamu mara ya kwanza katika darasa la kisomo, herufi zilikataa. Leo unasoma gazeti. Kuchora nako ni hivyo hivyo. Haya ndiyo tunayoweza kuyafanya.

1. Tumia vitu vilivyopo. Mkaa na masizi vinatoa rangi nyeusi. Udongo mwekundu tunao. Chokaa au udongo mweupe upo. Lainisha ukuta kwanza kwa udongo mzuri, uache ukauke. Chora upande wa baraza, mahali ambapo mvua haifiki.

2. Waulize wazee. Mwite babu, bibi au mjomba. Mwambie akueleze jambo moja tu aliloliona kwa macho yake. Mtoto achore huku mzee anaeleza. Mzee atasema, "Hapana, kofia yao haikuwa hivyo." Mtoto afute, achore tena. Hapo wote wawili wanafanya kazi.

3. Heshimu mambo ya siri. Yako mambo ya jando na unyago ambayo hayaonyeshwi kwa kila mtu. Waulize wahusika kabla ya kuchora. Wakikataa, acha. Mambo ya kuchora ni mengi.

4. Andika jina, mahali na mwaka. Picha isiyo na jina ni kama gunia lisilo na alama ghalani. Nyuma ya picha andika nani amechora, wapi na lini. Andika pia ni nini kinachoonyeshwa. Wewe umejua kusoma na kuandika, basi hii ni kazi yako hata kama hujui kuchora.

5. Usiuze bila karatasi. Ukipeleka korosho kwenye chama cha msingi, unapata stakabadhi. Mpango wa stakabadhi ghalani ulianza kwa korosho mwaka 2007, na wewe umekwisha kujua faida ya karatasi hiyo. Mchoraji naye aandike: picha gani, ameuza kwa nani, kwa bei gani, siku gani. Apige picha ya kazi hiyo kwa simu kabla haijaondoka.

6. Jua haki yako. Iko sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Sheria hiyo inasema kazi aliyoibuni mtu ni mali yake. Mtu hawezi kuichapa kwenye fulana au kalenda na kuiuza bila ruhusa. Mchoraji akifa, haki hiyo hurithiwa kwa miaka mingi. Ofisi inayoshughulika na mambo haya inaitwa COSOTA. Wachoraji wakisha kupata jina, wako watu wanaoiga kazi zao na kutia saini zisizo zao. Ndiyo maana kumbukumbu ni muhimu.

7. Jiwekee akiba ya uzeeni. Mfuko wa NSSF hupokea pia watu waliojiajiri wenyewe, kama wakulima, wavuvi na mafundi. Mtu anachangia kidogo kidogo. Uliza ofisi ya mfuko huo wilayani au mkoani. Usingoje mpaka mkono uanze kutetemeka.

8. Funza mtu. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kama wewe ni fundi wa kuchora, kuchonga, kufinyanga au kusuka, mtafute kijana mmoja akae nawe. Usiogope kwamba atakunyang'anya wateja. Leo atakusaidia kuchanganya rangi, na kesho atakuwa macho yako.

TUMUAGE VIZURI

Tuna desturi nzuri ya kumuaga mwalimu anapostaafu. Watoto wanaimba, wazazi wanatoa kuku au kitenge. Lakini yule mzee aliyeandika jina la shule ukutani, aliyechora ramani ya Tanzania kwenye ukuta wa darasa, aliyepamba duka la kijiji kwa picha ya mama mwenye mtungi, nani amemuaga? Siku moja alikaa nyumbani, akawa haonekani tena na kopo lake la rangi. Sisi tukatafuta fundi mwingine.

Kama mzee wa namna hiyo yuko kijijini kwenu, mfanyieni jambo moja mwaka huu. Mkusanyike mbele ya kazi yake. Mwenyekiti wa kijiji aseme maneno mawili. Mzee mwenyewe aeleze alichora lini na kwa nini. Mtu mmoja aandike anayoyasema. Na vijana wasipake chokaa juu ya picha hiyo kabla hawajaipiga picha kwa simu.

Mimi nafikiri mzee huyo atafurahi kuliko kupewa kitenge. Ataona kwamba mikorosho yake imezaa.

Na yule mtoto aliyechora kuku ukutani kwako? Usimgombeze leo. Mwonyeshe ukuta ambao anaruhusiwa kuchora. Halafu mwulize, "Kuku huyu ni wa nani?" Utasikia atakavyojibu.

Tukutane mwezi ujao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARASA LENU

1. Sam Ntiro alizaliwa wapi? Alipenda kuchora mambo gani?
2. Kwa nini kazi ya Tingatinga haikufa alipokufa yeye?
3. Lilanga alifanyaje alipopoteza miguu?
4. Mkulima na mchoraji wanafanana katika jambo gani?
5. Ni jambo gani la zamani la kijiji chenu mngependa lichorwe? Ni mzee gani anayelikumbuka?

MANENO YA KUJIFUNZA

Brashi: kifaa chenye nywele cha kupakia rangi.
Hakimiliki: haki ya mtu juu ya kazi aliyoibuni mwenyewe.
Kustaafu: kuacha kazi baada ya kufikia umri uliowekwa.
Makumbusho: nyumba ya kuhifadhi vitu vya zamani na vya thamani ili watu wavione.
Mtindo: namna ya mtu ya kufanya kazi yake.
Pensheni: fedha anayolipwa mtu baada ya kustaafu.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba kitu kimepokewa au kimelipiwa.